Mkono wa Klachi ya Baba

Mkono wa klachi wa pikipiki ya baba ulikuwa ukilia. Akiubana, nywii! Akiuachia, nywii! Waendesha pikipiki wenzake pale kituoni walimwita Baba Panya, naye aliitika huku akicheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimehitimu ufundi wa mitambo na nimepokelewa kiwandani kwa majaribio ya miezi mitatu. Baba ndiye aliyenipeleka kila asubuhi. Siku ya kwanza mlinzi wa getini aliusikia ule mlio, akainama kutazama chini ya meza yake. "Jamani, panya kapita wapi?" Wenzangu wapya wakaangua kicheko.

Kesho yake nikamwomba baba anishushe kwenye kona, penye ukuta wa matofali. "Ninyooshe miguu kidogo," nikadanganya. Hakuuliza kitu.

Jumapili mchana, baba akiwa amejilaza, nikachukua spana. Nimwulize nani, na cheti ninacho? Nikaumiminia mkono wa klachi mafuta ya kupikia. Kisha, nikidhani waya wake umelegea ndiyo maana unalia, nikaukaza mpaka basi. Kimya! Nikajiona bingwa.

"Nimekutengenezea, baba."

Aliubana mara mbili, akanitazama, akatabasamu. "Ahsante, mwanangu."

Jumatano jioni, nikirudi kwa miguu, nikamkuta kwenye banda la fundi, mikono myeusi hadi viwiko. Pikipiki ilimshinda mlimani. Injini ilinguruma lakini haikuvuta, moshi ukatoka, na mama aliyekuwa akimpeleka mtoto zahanati ikabidi amalizie kilima kwa miguu, mtoto mgongoni.

Fundi, dada mmoja asiye na utani na vyuma, aliinua plati za klachi zilizoungua. "Waya huu nani kaukaza hivi? Klachi imeshikiliwa siku tatu nzima, haipumui!"

"Mimi," baba akajibu.

"Wewe, Baba Panya? Miaka kumi na moja hujaniletea hata plati moja!"

"Uzee, dada. Macho hayaoni vizuri."

"Haya, abiria wake njooni kwangu!" akadakia kijana wa kituoni. "Mzee haoni, atawapeleka sokoni mfike makaburini!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, ila safari hii kicheko chake kilikuwa kidogo, cha mtu anayeuza kitu asichotaka kukiuza. Jina lake la uangalifu ndilo lililomlisha miaka yote, nami nilisimama pale nimekumbatia begi langu.

"Si yeye," nikasema hatimaye. "Ni mimi."

Fundi akageuka. "Msomi? Kwa nini?"

"Niliona aibu. Ule mlio... kule getini walinicheka."

Baba alichukua kitambaa akafuta mikono, akaendelea kuifuta hata iliposafika.

"Niliona umekaza mno," akasema bila kunitazama. "Nikadhani ninyi mliosoma mna namna yenu mpya."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana.

"Uso umeumbwa na haya, kaka," fundi akasema, "ila mikono imeumbwa kwa kazi. Shika spana."

Nikafungua bolti inayoshikilia mkono wa klachi. Mafuta yangu yalikuwa yamenasa vumbi yakawa tope. Chini ya lile tope bolti ilikuwa kavu, ina kutu.

"Umeona? Waya hauna kosa. Bolti ndiyo ilikuwa na kiu." Fundi akanifanya niisugue, nipake grisi kidogo kama punje ya mahindi, kisha nilegeze waya hadi mkono ucheze unene wa sarafu moja kabla ya kuanza kuvuta. Nilirudia mara tatu ndipo akaridhika. Plati mpya akazifunga mwenyewe, akisema hizo sitazigusa leo.

Asubuhi tukaondoka kama kawaida, bila hata nywii moja. Kwenye kona, penye ukuta wa matofali, baba akapunguza mwendo mwenyewe, akaweka mguu chini.

"Unyooshe miguu," akasema taratibu.

Kumbe siku zote alijua.

Sikushuka. "Hapana, baba. Twende mpaka getini."

Akaubana mkono wa klachi, akatia gia, tukaelekea getini.