Mguu wa Vidole Viwili

Kazija hakuuamini mfupa ule tangu siku ya kwanza. Mwalimu Dionis, aliyehamia shuleni Chake Chake kutoka Lindi, aliufungua kutoka kwenye kitenge mbele ya walimu wenzake. Urefu wake dhiraa nzima.

"Mguu wa dinosaria," alisema. "Aliuokota marehemu baba yangu."

Kazija, mwalimu wa baiolojia, akanyoosha mkono.

"Tafadhali, Mwalimu, usiushike," Dionis alimzuia. "Utavunjika."

Hapo shaka ikamwingia. Kitu kilichogeuka jiwe ardhini kitavunjikaje kwa kushikwa? Na mbona kila Dionis akiulizwa uliokotwa wapi, jibu lilibadilika, leo mtoni, kesho shambani? Mwalimu mkuu alikwisha kuupangia meza kwenye maonesho ya sayansi. Mtu huyu anatafuta jina, aliwaza Kazija, na aibu itatufika sote.

Ijumaa mchana, ofisi ilipokuwa tupu, alilifungua sanduku ambamo Dionis aliuhifadhi. Mfupa ulikuwa mwepesi. Aliugeuza, akauweka kando ya picha kitabuni. Dinosaria wa kutembea kwa miguu miwili alikuwa na mifupa mitatu ya wayo, kila mmoja peke yake, na vidole vitatu mbele. Mfupa huu ulikuwa mmoja, umeungana, na ncha yake ilikuwa na vifundo viwili tu.

"Unanipekua, Mwalimu Kazija?" Dionis alikuwa mlangoni.

"Nakupekua, ndiyo. Huyu ni mbuni, ndege wa vidole viwili. Nambie kweli, ulijua?"

Dionis hakukasirika. Alikaa, akapitisha kidole baina ya vile vifundo.

"Baba alinipa niushike kila nilipofaulu mtihani. Hakunambia alikouokota, nikiulizwa najitungia." Akamgeukia Kazija. "Alinidanganya?"

Kazija aliupekua uso wake pia, asione hila.

"Sijui. Lakini mbuni na dinosaria ni ukoo mmoja. Hata tundu la nyonga, pale paja linapoingia, wote wanalo. Mtu hukosea."

Siku ya maonesho Dionis aliandika MBUNI kwa wino mwekundu, akawaeleza wazazi hadi sauti ikamkauka. Kazija alisimama kando yake na picha ya dinosaria. Alimwonea haya kwa kumdhania mwongo, ila kulifungua lile sanduku hakukujutia.