Ukoka wa Mama Samia

Siku Bi Moza alipofika nyumbani kwa mwanawe pale Nachingwea, alisimama getini na furushi lake kichwani, akautazama ua kuanzia huku mpaka kule, kisha akauliza kwa sauti ya huruma kabisa, "Masoudi, mwanangu, mkeo anaumwa?"

Hakuwa na nia mbaya. Kule Kilimarondo alikotoka, mwanamke mwenye afya zake anajulikana kwa ua wake. Unafagiwa alfajiri mpaka mistari ya ufagio inabaki mchangani, na jani likithubutu kuchomoza linang'olewa kabla halijapata jina. Sasa hapa mkwe wake, mwalimu wa shule, kazungukwa na majani mpaka mlangoni, na bado anacheka! Bi Moza alimwonea huruma sana.

Majani yale hayakuota yenyewe. Zulfa, mkwe mwenyewe, aliomba vipande vya ukoka kwa shoga yake wa Mkotokuyana, akavibeba kwenye kiroba, akavichomeka kimoja kimoja wakati wa mvua, huku mimba ya Samia ikimtangulia mbele. Vumbi la Nachingwea kiangazi halina adabu, linaingia hata kwenye chai, na yeye alitaka mtoto wake apate mahali pa kijani pa kutambaa. Basi. Kuna wanaotamani gari. Zulfa alitamani ukoka, na alipoupata aliupenda kwa ujinga wote wa mapenzi.

Na kitu kingine alichokitamani ni huyo Bi Moza mwenyewe. Mama yake Zulfa alifariki yeye akiwa mdogo sana, hata sura yake haikumbuki vizuri. Baba mkwe alipofariki, na habari zikaja kwamba tembo wameingia tena shambani na Bi Moza kawafukuza peke yake kwa kugonga sufuria, ni Zulfa aliyemsukuma mumewe akamchukue. Wake wengine wanaomba mama mkwe akae mbali. Huyu alikuwa na hamu ya kumwita mtu "mama" na mtu huyo aitike.

Haikupita wiki, Zulfa akarudi kutoka shuleni na kukuta njia nyekundu imefunguliwa kutoka mlangoni mpaka getini. Ukoka wote wa katikati ulikuwa umelimwa, umerundikwa kwenye ua wa nyuma, na udongo umefagiwa vizuri. Bi Moza alikuwa amesimama na jembe, jasho linamtiririka, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Nimekuanzia, Mama Samia. Kesho namalizia upande wa jikoni. Wewe pumzika tu."

"Ahsante, mama," Zulfa akasema, maana angesema nini? Akaingia chumbani, akalia na mto mdomoni asisikike.

Masoudi ndiye aliyelibeba jambo lile mpaka kwa mama yake. Alipomwambia kwamba majani yale yalipandwa, Bi Moza alicheka mpaka kanga ikamteleza kichwani. Kisha akaona mwanawe hacheki. Akajifunga kanga upya, na tangu siku hiyo jembe hakuligusa.

Lakini ukokani pia hakukanyaga. Alipita kwenye njia yake nyekundu tu, Samia mgongoni. Zulfa akimweka mtoto kwenye majani, hazipiti dakika mbili bibi amefika, kamnyakua, kamfunga mgongoni bila kusema kitu. Na jioni moja wakila ugali akatangaza, macho kwenye bakuli, "Mvua zikianza narudi Kilimarondo. Nikapande."

Apande wapi? Shamba lilishachukuliwa na mpwa wake, naye mwenyewe ndiye aliyempa. Zulfa akajua kwamba mama anaondoka, na kwamba anaondoka kwa sababu ya ukoka wake.

"Mama yako ana nini na majani?" akamuuliza Masoudi walipobaki wawili jikoni.

Masoudi akachokonoa mkaa kwa muda. "Nilikuwa na mdogo wangu, Ramadhani. Ndiyo alikuwa anaanza kutambaa. Mama alimweka chini, kwenye majani ya pembeni ya banda, akageuka kuchukua ndoo ya maji." Akaacha kuchokonoa. "Mdudu."

Watu wa Kilimarondo wakisema mdudu kwa sauti ile, hawasemi siafu. Ni yule anayetambaa, ambaye jina lake halitajwi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani amesahau."

Zulfa akamtazama kwa namna ambayo wake humtazama mwanamume mwenye akili zake timamu anapotoa upuuzi. Kesho yake asubuhi alilichukua jembe mwenyewe. Alikuwa amekata shauri: ukoka unapandwa tena, mama hapandwi. Hajaliinua hata mara moja, mkono mkavu ukaushika mpini.

"Acha," Bi Moza akasema. "Umeupanda na mimba. Usiung'oe kwa ajili yangu, utanipa dhambi."

"Basi usiondoke."

Bi Moza alimtazama mkwewe kwa upendo mtupu, na kwa woga, halafu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ndipo likaja wazo la mashine ya kukatia majani. Fyekeo la Masoudi lilikuwa linaacha vichaka hapa na pale, mdudu mwingine anaweza kujilaza humo akasahaulika. Nachingwea walizunguka maduka yote wakaonyeshwa mafyekeo tu, wakaambiwa Ruangwa liko duka kubwa la vifaa. Jumamosi wakaingia kwenye pikapu ya Masoudi, na Zulfa akaweka sharti moja: mama ndiye atakayechagua.

"Mimi?" Bi Moza akashtuka. "Mimi nichague mashine ya kulelea majani?"

"Wewe, mama."

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu anaitwa Titus, meno yote nje. Alizitoa mashine tatu mpaka nje, kwenye kijisehemu cha majani mbele ya duka. Masoudi moja kwa moja akaiendea ile ya kubeba begani, akaisifia kuliko muuzaji. Itafyeka nyumbani, itafyeka chini ya mikorosho, ufuta nao palizi yake, yaani familia nzima itaneemeka. Zulfa alikuwa anaitamani kimoyomoyo ile nyekundu ya petroli yenye magurudumu na mfuko wa kukusanyia majani, ila alijitia hamnazo, akamwachia mama nafasi.

"Bi mkubwa, hii chuma hii ni moto!" Titus akasema, akaivuta kamba ile nyekundu. Ikanguruma. Kwa kweli ilikata vizuri. Bi Moza alirudi nyuma mpaka ukutani, kanga masikioni.

"Hii ikilia," akauliza ilipozimwa, "nitasikiaje?"

"Usikie nini, bi mkubwa?"

"Majani. Majani yakiwa na mtu ndani yanasema. Lazima uyasikilize."

Titus akaanza kucheka. Zulfa akamgeuzia jicho lile analolitumia darasani, na kicheko kikafia njiani.

Ile ya begani ilikuwa na kelele kuliko nyekundu. Masoudi akaiaga mikorosho yake kimyakimya. Ikabaki ya tatu, ambayo Titus aliitoa kwa kutimiza wajibu tu: haina injini, haina waya, ina magurudumu mawili, mpini mrefu, na visu vilivyojipinda katikati ambavyo huzunguka ukiisukuma. "Hii ya kizamani," akasema. "Hainywi petroli, lakini unaisukuma mwenyewe, na majani yakirefuka inakushinda. Lazima uipitishe mara kwa mara."

"Mara kwa mara," Bi Moza akarudia, kama mtu aliyesikia habari njema.

Akavua kandambili, akasema bismillahi, akaisukuma. Ikatoa sauti ndogo, ya mkasi kwenye kitambaa. Akasimama, akasikiliza. Akaisukuma tena. Halafu akapiga magoti pale pale mbele ya duka, akalaza kiganja kwenye majani yaliyokatwa, na vidole vyake vyote vikaonekana.

"Hapa hawezi kujificha," akasema taratibu.

Hakuna aliyeuliza nani. Masoudi aligeuka akajifanya anakagua tairi za pikapu, na alizikagua muda mrefu.

Kuanzia hapo Bi Moza alikuwa na kazi yake. Masoudi aliyapunguza yale marefu kwa fyekeo kwanza, na mama yake akaishika mashine, hampi mtu. Kila asubuhi baada ya kufagia njia yake aliupitia ua mzima, anasukuma, anasimama, anasikiliza. Majirani walisimama getini kumwangalia. Zulfa alifurahi, lakini hakudanganyika: Samia alikuwa bado mgongoni mwa bibi, na lile furushi bado lilikuwa kitandani, limefungwa.

Mvua ya kwanza ikapiga usiku kucha. Zulfa aliamka, akaenda chumbani kwa mama. Kitanda kimetandikwa. Furushi halipo.

Akatoka mbio bila viatu. Bi Moza alikuwa kwenye ngazi ya mlango, furushi miguuni, Samia mgongoni, anautazama ua uliolowa. Jua lilikuwa limeanza kutoka. Akashuka kwenye majani, akalaza kiganja chini, akakitazama. Akasikiliza kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akafungua kanga polepole, akamteremsha Samia, akamweka juu ya ukoka.

Mtoto akayashika majani kwa mikono miwili, akacheka, akaanza kutambaa. Bi Moza alimfuata hatua kwa hatua, ila hakumnyakua.

"Kama ningekuwa na mashine hii kule," akasema, "Ramadhani naye angekuwa baba wa watu sasa."

Zulfa alikaa chini kwenye maji na majani, akamkumbatia mama. Walilia wote, wala hakuna aliyetafuta mto wa kuzibia mdomo.

"Mama," Zulfa akasema mwishowe.

"Ee, mwanangu."

"Mvua ndiyo hiyo imeanza. Bado unakwenda kupanda?"

Bi Moza akajifuta uso kwa pindo la kanga. Akaitazama njia yake nyekundu, ile aliyoilima kwa jembe lake mwenyewe kutoka mlangoni mpaka getini, imelowa vizuri, iko tayari.

"Napanda," akasema. "Niletee kiroba, Mama Samia, na umwambie huyo shoga yako wa Mkotokuyana tunakuja."