Miwani ya Mwalimu Candida

Sauti ya Mwalimu Candida ilifika Kariakoo kabla ya mwenyewe. Aliposhuka kituo cha Msimbazi, asubuhi ile ambayo jua lingepatwa, aliikuta inamsubiri kwenye spika ya duka la kwanza. Duka la pili likaidakia, na la tatu lilikuwa limeianza upya kabla mawili ya kwanza hayajamaliza.

"Mimi ni Mwalimu Candida wa fizikia. Leo jua linapatwa. Usilitazame kwa macho matupu. Vaa miwani!"

Hapo ikaingia sauti ya Robert, mdogo wake wa tumbo moja, yenye furaha ya mtu ambaye mzigo wake unatoka: "Miwani ipo hapa, bei ya kutupa, wahi kabla jua halijafungwa!"

Candida alisimama katikati ya watu, mkoba ameukumbatia kifuani. Maneno yalikuwa yake, yote ametamka yeye. Ila hakuwa amesema hivyo.

Kwa wasiojua Kariakoo inavyofanya kazi: pale mwenye duka hapigi kelele mwenyewe, angekuwa bubu kabla ya Ijumaa. Anarekodi tangazo kwenye simu, analiweka kwenye flashi, anachomeka flashi kwenye spika, na spika inasema kitu kilekile tangu wanapofungua hadi wanapofunga. Tangazo likivuta wateja, jirani anakuja kuazima flashi. Hakuna wivu, kelele ni za wote.

Robert anauza jumla mikoba, mikanda na miwani ya jua. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwomba dada yake arekodi maneno machache ya kuwatahadharisha watu, na aliomba kwa nia njema kabisa. Candida alikwenda baada ya vipindi, chaki bado iko kwenye mikono ya blauzi. Alikuwa amechoka, na si kwa kazi peke yake. Wiki nzima alikuwa anaeleza jambo lilelile. Aliwaeleza walimu wenzake, wakamkatisha katikati kuuliza kama shule itafungwa. Aliwaeleza akina mama wa jumuiya, wakamuuliza ni dalili ya nini. Alimweleza hata fundi wa bomba, naye akatikisa kichwa kwa heshima na kusema wazungu wana mambo. Hakuna aliyemsikiliza hadi mwisho. Kila mtu alitaka neno moja la kuondoka nalo.

Hata hivyo siku ile alirekodi vizuri. Alieleza mwezi unavyopita kati yetu na jua. Akasema miwani ya jua ya kawaida haifai kabisa, iwe nyeusi namna gani. Akasema asiye na miwani maalumu atoboe tundu dogo kwenye karatasi, aligeuzie jua mgongo, na atazame umbo lake likianguka chini.

Robert alisikiliza huku anajikuna shingo. "Dada, hii ndefu. Mteja wa Kariakoo anasikia huku anatembea. Ukifika kwenye tundu, mwenzio keshafika mtaa wa Gerezani."

"Basi punguza."

"Nikate wapi?"

"Kata unavyotaka, Robert. Nimechoka."

Akachukua mkoba wake akaenda zake. Robert alikata kama anavyokata mkanda uliozidi kiuno cha mteja, akaondoa kilichoning'inia. Kwake, miwani ilikuwa miwani.

Ndani ya ule mkoba, asubuhi hii, kulikuwa na miwani miwili ya karatasi ngumu yenye utando maalumu, aliyoipata kwenye semina ya walimu. Ya kwanza ilikuwa yake, ya pili ya Bi Mauza.

Bi Mauza, mama yake Abdulmajid muuza mapazia aliyepakana na Robert, alikaa ghorofani juu ya maduka. Candida alipokuja mjini kutoka Kibosho kutafuta ajira, akilala stoo kwa Robert juu ya maboksi, ni Bi Mauza aliyemlisha, na Krismasi akampelekea sahani ya pilau. Jicho moja la Bi Mauza lilikuwa limekufa kwa presha ya macho. Lililobaki alilitunza kama yai, kwa sababu ndilo alilosomea msahafu kila alfajiri. Alipokuwa mtoto jua liliwahi kupatwa, na watoto wakafungiwa ndani, mapazia yakashushwa. Alichokumbuka ni giza la chumba tu.

"Safari hii nalitazama kabla sijaondoka duniani," alimwambia Candida.

"Utalitazama, Bi Mauza. Nitakuletea miwani yake. Ila usiinue kichwa mpaka nije."

"Niende wapi na macho haya? Nitakusubiri."

Kwa hiyo Candida angeweza kupanda ngazi moja kwa moja. Badala yake alikimbilia dukani kwa Robert, maana sauti yake mwenyewe ilikuwa inamwuma masikioni.

"Zima! Zima hiyo kitu!"

Robert alichomoa flashi, macho yamemtoka. "Kuna nini tena, dada? Tumeuza mpaka stoo imekauka."

"Hiyo ni miwani ya ufukweni! Giza lake linalidanganya jicho, mboni inafunguka, na mionzi inapita kama kawaida. Inaunguza na huumwi!"

"Si jua linaonekana hafifu lakini?"

"Ndiyo ubaya wenyewe!"

Akanyakua kipaza sauti cha spika ile. "Jamani, mimi ndiye Mwalimu Candida. Msitazame jua kwa miwani hiyo. Nasema haifai!" Lakini ni spika moja tu iliyokuwa imeacha tangazo, nyingine zote zinaendelea. Akawa anapingana na Candida wa mtaa mzima, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko yake na asiyechoka. Jamaa mmoja, miwani imempanda puani na stika bado iko kwenye kioo, alimgeukia kwa upole.

"Mama, usituchanganye. Mwalimu keshasema." Akanyoosha kidole kwenye spika.

Watu wakacheka. Candida alikwenda duka hadi duka akiomba wazime. Wengine walizima akiwa amesimama, wakawasha alipogeuka. Mwanga ukaanza kuwa mwembamba, joto likashuka kama mtu amefungua friji. Na pale mtaa wa Kongo, chini ya turubai lililochakaa kwa matundu, alikiona kitu. Kila tundu lilikuwa limeangusha chini kijua chake kilichomegwa, mamia yao, juu ya ndala, juu ya mashati ya mtumba, juu ya migongo ya watu. Somo lake lote lilikuwa limetandazwa ardhini bure, na watu walilikanyaga huku wameinua nyuso juu. Alitamani kukaa chini alie.

Robert alikuwa amemfuata. "Dada, pole. Basi angalau hapa nyumbani tuko salama. Hata Bi Mauza nimempatia. Kashusha kikapu na hela, hela nikamrudishia, nikamchagulia ile nyeusi kuliko zote, hiyo haipitishi kitu."

Kile kikapu Candida alikijua. Bi Mauza hakuwa anashuka ngazi siku hizi. Alikishusha kwa kamba dirishani, wauzaji wakamwekea nyanya, vocha, chochote alichotaka.

Alipanda ngazi zile bila kuvuta pumzi. Juu ya paa, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, Bi Mauza alikuwa peke yake, mwanawe ameenda msikitini kwenye swala ya kupatwa kwa jua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, uso wake ameuinua mbinguni, anatabasamu. Candida alimpokonya miwani akamfunika jicho kwa kiganja.

"Nilikwambia unisubiri!"

"Nilikusubiri, mwanangu." Bi Mauza hakustuka sana. "Halafu nikakusikia huko chini unasema vaa miwani. Nikasema, Candida kachelewa, kanitumia salamu."

 Candida aliacha kiganja chake pale pale, na mwanga ukarudi taratibu juu ya mashuka.

Jumamosi alikwenda tena, na Robert nyuma yake. Daktari wa macho alikuwa amesema huenda jicho likarudi kiasi, huenda lisirudi, wasubiri. Bi Mauza alikaa mkekani, msahafu umefunguliwa mbele yake.

"Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba. Kaeni." Akapapasa ukurasa kwa kidole. "Neno ninalolitazama ndilo halipo. Ya pembeni nayaona. Nikiyafuata, nayo yananikimbia."

Robert aliinamisha kichwa, akaanza kulia. Bi Mauza alimsikia, akamwambia: "Nyamaza, hukuniwekea mawe kwenye kikapu." Wema huo ulimuumiza Robert zaidi.

"Candida," akasema. "Robert kaniambia ulisema maneno mengi, yeye akayapunguza. Nataka yale mengi."

"Ni mimi niliyemwambia akate, Bi Mauza."

"Nimejua. Niambie."

Candida alikohoa. Uchovu wa wiki ile ulikuwa bado uko mabegani, na ulimi wake ukashika njia uliyoizoea. "Kwa kifupi ni kwamba mwezi…"

Bi Mauza alimshika mkono. "Usikate. Mimi sipiti njia, nimekaa."

Chini, kwenye duka fulani, Mwalimu Candida alikuwa bado anawaambia watu wavae miwani. Robert aliinuka, akavuta kikapu kilichokuwa kinaning'inia nje, akafunga dirisha. Candida alivua viatu, akakaa mkekani bega kwa bega na yule mama, akaanza upya tangu kwenye jua.