Ulikata Wapi

Kaka mtu alikatwa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, na aliyemfikisha hapo ni mdogo wake wa tumbo moja. Hapakuwa na ugomvi wala panga. Palikuwa na gari lililonyanyuliwa juu, na mwenye kulinyanyua ndiye aliyeshika usukani.

Mdogo mtu alikuwa fundi. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya kaka yake, sakafu nyeusi kwa oili, na ukutani matairi yaliyoisha. Kwa kazi ya mikono hakuna aliyemsema vibaya. Injini iliyokwisha kuliliwa na mwenyewe yeye aliifufua. Lakini udereva wake ulikuwa wa kutoka gereji hadi njia panda na kurudi, kusikiliza kama breki zinalia.

Dereva alikuwa kaka. Kwa miaka yeye ndiye aliyepandisha mapipa ya dizeli kilimani, kwenye mnara wa simu, ambako jenereta ikinyamaza simu za bondeni nazo zinanyamaza. Njia ya kule si barabara, ni kovu tu. Gari lao lilikuwa la difu mbili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kuukuu, fupi kama kobe. Kaka alilipandisha hivyo hivyo. Akifika kwenye tope alipunguza upepo wa matairi. Akifika mahali madereva walipopaita shavu, kwa sababu njia inapita ubavuni mwa kilima kama chozi lililoteleza, alisimama, akashuka, akatembea mbele na fimbo akidunga udongo. Kisha alirudi, akatoa mkono dirishani, akabandika kiganja kwenye ukingo wa paa, akaenda polepole.

"Macho yanadanganya," alikuwa akisema. "Kiti kinadanganya. Bodi haidanganyi. Gari likitaka kulala, kiganja kinajua kabla ya matako."

Mdogo wake alicheka kila alipoyasikia hayo. Kwake yeye, hiyo ilikuwa akili ya mtu maskini wa vyuma.

Ndipo goti la kaka likavimba. Goti la kushoto, lile la klachi. Shemeji, mke wa kaka, mwanamke asiyezungusha maneno, akaja gereji mikono ikiwa na povu la sabuni.

"Shemeji, kaka yako hawezi kukanyaga hata mende. Utaendesha wewe mpaka apone. Tukikosa safari mbili, kazi ya mnara watapewa wengine, na sisi tutakula hayo matairi yako."

"Niachie gari kwanza," fundi akasema. "Nilitengeneze kiume."

Alilitengeneza kweli. Aliweka springi ndefu alizozitoa kwenye lori lililokufa. Aliongeza vyuma chini ya bodi. Alikata mabawa ya matope ili matairi makubwa yaingie. Mbele alifunga winchi, ile mashine ya kuvuta kwa waya, akaijaribu kwenye mti mpaka majani yakapukutika. Gari likasimama juu kama ngamia.

Kaka alikuja akichechemea, akalizunguka.

"Haya. Na mlango nitapandaje, kwa ngazi?"

"Kaka, wewe ulikuwa unatumia akili kwa sababu gari halikuwa na nguvu. Sasa nguvu ipo."

"Kwa hiyo akili niiache nyumbani?"

"Ipumzishe kidogo. Imechoka kama goti."

Wakacheka wote wawili. Kisha kaka akachungulia nyuma, kicheko kikamkauka. Tairi kubwa la akiba halikuenea tena pale lilipokuwa likining'inizwa chini ya gari, kwa hiyo fundi alikuwa amelilaza ndani, kwenye nafasi ya mapipa.

"Mapipa yanakaa wapi?"

Fundi alinyoosha kidole juu. Alikuwa amechomelea keria nzito kwenye paa.

"Wewe," kaka akasema taratibu, "umemvalisha mtoto wa watu viatu vya kisigino, halafu unamtwika ndoo kichwani."

"Nimeyafunga kwa mnyororo. Hayaendi popote."

"Yakikaa juu, huhitaji yaende." Kaka aliketi juu ya tairi, akalinyoosha goti. "Sikia basi. Pale kwenye shavu, likianza kulala, kata usukani chini. Kule kule linakoangukia. Usikate juu. Moyo utakataa, mikono itakataa. Kata chini, ukanyage kidogo, lishuke na mteremko likiwa limenyooka. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Alisikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani.

Siku ya safari kaka aliingia kiti cha abiria bila kuulizwa. Shemeji alimkataza, naye akamjibu kwamba hawezi kulala kitandani huku mdogo wake akilijaribu shavu peke yake.

Kwenye tope gari lilifanya maajabu. Mahali ambapo kaka angetumia nusu ya asubuhi akichimba na kutandika matawi, matairi makubwa yalitafuna tu na kupita. Kaka akapiga dashibodi kwa furaha. "Hapo sina la kusema. Hapo umenivua nguo mchana."

Hiyo ndiyo sifa iliyowaponza. Fundi alifika kwenye shavu kichwa kimemjaa.

"Simama nishuke niangalie," kaka akasema. "Jana mvua ilinyesha."

"Kwa goti hilo? Utarudi jioni. Kaa, kaka. Hili si lile gari la zamani."

"Ndiyo maana nataka kushuka."

Fundi hakusimama. Aliona aibu kusimama, ukweli ndio huo. Aliingiza gia nzito, akaingia ubavuni mwa kilima, bonde likiwa kushoto, upande wa kaka. Kaka hakubishana tena. Alitoa mkono dirishani, kiganja kwenye ukingo wa paa, kama alivyofanya miaka yote.

Mvua ilikuwa imekula njia ya tairi la chini. Kwa juu ilionekana nzima. Ndani ilikuwa tupu kama jino bovu. Fimbo ya kaka ingezama hapo mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Linalala," kaka akasema. Hakupaza sauti. "Mdogo wangu, linalala. Kata chini."

Tairi la mbele likazama. Juu ya paa mapipa yalitoa sauti, dizeli ikisukumana kuelekea bondeni. Fundi alimsikia kaka akipiga kelele, "Chini! Kata chini!" Akayasikia maneno yote, akayaelewa, na mikono yake ikakata juu. Ikavuta usukani upande wa kilima, kama mtu anayeanguka anavyodaka ukuta.

Gari halikuporomoka. Lingeporomoka huenda ingekuwa nafuu. Lililala tu ubavu, polepole, kwa adabu, kama mtu anayejilaza mkekani, likaishia kwenye mwamba. Mkono wa kaka ulikuwa kati ya paa na mwamba.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii hawakupatia. Asiyesikia alitoka mzima, hana hata mkwaruzo. Aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Mlinzi wa mnara alisikia kishindo, akateremka mbio. Wakavuta waya wa winchi mpaka kwenye mti ulio juu ya njia, na fundi akabonyeza kitufe. Winchi ilifanya kazi bila kusita, ikaliinua gari lote na mapipa yake mpaka mkono ukatoka. Fundi aliutazama mara moja tu. Mlinzi alivua shati, akafunga juu ya kiwiko. Kaka alikuwa anatetemeka meno.

"Mnyororo wako umeshika," akasema. "Mapipa hayakwenda popote."

Fundi hakujua kama ni utani.

Hospitali, daktari hakutoa hotuba. Alisema kilichobaki si mkono, kinaoza kesho. Shemeji alikuwa kwenye benchi la korido, kanga imemlegea mabegani. Kaka alikuwa amekwisha kuwaambia wote kwamba kosa ni lake, nani alimtuma kutoa mkono nje. Ndugu walilipokea hilo na kutikisa vichwa. Lakini shemeji alikuwa mke wa dereva wa njia ile. Alimsogelea fundi, akamuuliza swali moja.

"Ulikata wapi?"

Angeweza kudanganya. Kaka alikuwa amekwisha kumfungulia mlango wa uongo.

"Juu," akasema.

Shemeji hakumtukana. Aliifunga kanga yake vizuri, akarudi kwenye benchi.

Hasara yenyewe haihitaji karatasi. Mkono mmoja umekwenda, na ni ule wa gia. Kazi ya mnara imekwenda. Wanaopandisha sasa wana gari fupi la kawaida, na kwenye shavu wanashuka kutazama. Gari liko nyuma ya gereji, paa limebonyea, kuku wanalala ndani. Winchi ni nzima. Asubuhi mke wa kaka anamfunga mumewe vifungo vya shati, na mdogo wake, fundi, anapiga magoti kumfunga kamba za viatu. Shemeji hamwiti tena shemeji, anamwita fundi, kama wanavyomwita wateja.

Na lile goti limepona. Haliumi tena, hata kwenye baridi.