Nyasi za Ta Mushumbusi

Saa nne asubuhi Ephrasia, tabibu wa kituo cha afya, alifika Ngenge kujaza fomu ya kifo, akiwa na kalamu mbili, glavu na futi ya fundi cherehani. Mlango wa marehemu, Ta Mushumbusi, ulikuwa umeshavunjwa na mwili umetolewa. Ndani, nyasi zilimfika kifuani.

Ni zile zile alizozitandaza marehemu miaka mitatu nyuma, baada ya kumzika mkewe, kama Wahaya wanavyowatandazia wageni. Wageni hawakuja. Nyasi zisipokanyagwa huota, basi zikashika mizizi sakafuni, zikatoa na maua. Senene nao wakaingia, ingawa ulikuwa mwezi wa saba, si msimu wao. Koplo Nicholaus wa polisi alikuwa ameshajaza nusu kofia yao.

"Hakuna aliyeingia kabla yetu," alisema, akimnyofoa mmoja mabawa. "Nyasi zingelala. Huo ni uzee tu, andika twende."

Ephrasia alipiga magoti kutafuta njia za mzee, maana hata mtu mmoja hukanyaga. Zote zilianzia kitandani. Ya kwenda mafigani ilikuwa imeziba kabisa. Kwenye ya beseni la kuogea nyasi zilifika mapajani, na kwenye ya dawa za presha, magotini, vidonge havijaguswa. Kwenye ya mtungi wa maji zilikuwa fupi kama zulia. Akapima, akaandika. Mzee aliacha kupika, akaacha kuoga, akaacha dawa, mwisho maji. Hatua kumi kutoka mlangoni, kibanjani, ndizi zilikuwa zimeivia migombani.

Kwenye sababu ya kifo akaandika: alijitelekeza.

Elikana, mwana wa marehemu, alikuwa amefika kutoka Bilele, mjini Bukoba, na jeneza, turubai na suti mpya. Aliisoma fomu, akaomba kwa adabu neno lile litoke. Baba alikuwa mkaidi, alisema. Waliwahi kumletea msichana wa kazi, akamfukuza.

"Watu watasema tulimtelekeza sisi."

"Sijaandika ninyi."

"Watasoma sisi, dada."

Ephrasia alieleza kwamba neno likifika wilayani, huenda akatumwa mtu wa kuwatazama wazee waliobaki. Jirani hapo, Ma Kokwijuka, naye anaishi peke yake. Koplo akasema neno likifika wilayani, kwanza mwili utapelekwa Bukoba kupasuliwa. Wakatazama nje. Wali wa msiba ulikuwa umeiva.

Ephrasia akakata neno, akaandika uzee, kwa mwandiko mzuri.

Vijana walizifyeka nyasi wakazitandaza chini ya turubai. Waombolezaji wakasifu ulaini wake. Ta Mushumbusi, ameoshwa na kukatwa kucha, alikuwa hajapendeza hivyo tangu harusi yake.

Akirudi, Ephrasia alipita kwa Ma Kokwijuka, akamwamkia. Bibi alikuwa kasimama mlangoni, nyasi za ndani zikimfika kwenye ugoko. Nyuma yake, njia ya mafigani ilikuwa imeanza kuziba.

"Umekula, Ma?"

"Nimeshiba. Karibu ndani, mwanangu, ila pita huko ukutani, usizikanyage. Nimewawekea wageni."

Ephrasia akapita ukutani.