Mshale wa Katikati

"Basi nitafutieni geji inayopiga kelele," binti alisema, "ili safari hii asiwepo mtu wa kuniambia sikutazama."

Babu yake alijibu kwamba dereva asiyetazama, hata umfungie king'ora, hatasikia. Kisha akamgeukia Fundi kana kwamba mjukuu hayupo, akarudia aliyokuwa akiyasema tangu chai ya asubuhi: gari lile lilizaliwa na geji tano za duara, uso mweusi, mishale myeupe, na zitarudi pale pale zilipokuwa. Kioo cha tarakimu hakitaki; televisheni ataitazama sebuleni.

Fundi alisimama kati yao, bisibisi mkononi. Mzee alikuwa baba yake wa kumzaa, na yule mwingine binti wa pekee wa tumbo lake, na wote wawili walidhani anawasikiliza. Alikuwa anaitazama geji ya joto.

Gari lenyewe waliliita Kiroboto. Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili, fupi kiasi kwamba kushuka kwake ni kama kuinuka mkekani. Mzee alilinunua kabla hajaoa, na marehemu mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba bi mkubwa yuko gereji, yeye ni bi mdogo. Kwa miaka thelathini Mzee alifundisha watu udereva, na hakuna aliyetoka mikononi mwake bila kukariri: macho barabarani, sikio kwenye injini, na kila baada ya pumzi kumi tupa jicho kwenye geji. Mjukuu aliyakariri maneno hayo kabla ya kujua kusoma. Babu alimwita mchumba, akamwahidi kwamba siku ya harusi yao wataondoka na Kiroboto, yeye bwana harusi akiwa kiti cha abiria.

Miaka miwili iliyopita mchumba alilichukua Kiroboto peke yake akapanda nalo barabara ya mlimani. Njiani mpira wa rejeta ukapasuka, maji yakaisha, injini ikaungua mpaka ikakwama. Alipopiga simu nyumbani, babu hakuuliza kama ameumia. Aliuliza mshale wa joto ulikuwa wapi.

"Katikati, Babu. Niliutazama kila mara. Ulikuwa katikati."

Mzee alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa kila mwanafunzi aliyewahi kuunguza injini. Hakugomba. Aliacha tu kumwita mchumba, akaanza kumwita dereva, na jinsi alivyolitamka neno hilo ilikuwa afadhali angegomba. Binti naye hakushika tena usukani. Alikuwa mtoa dawa katika duka la dawa, na tangu mwaka ule husoma lebo ya kila chupa mara tatu kabla ya kumpa mgonjwa. Wenzake walimtania kwamba foleni yake ni ya wenye subira.

Mtu mmoja tu alijua kwamba binti alisema kweli, na ndiye aliyesimama pale na bisibisi.

Wiki ile kabla ya safari, mshale wa joto ulianza kuruka kama bisi kwenye sufuria. Fundi alikuwa na diploma ya umeme wa magari na ugonjwa huo aliujua: sensa imekufa. Aliagiza mpya, akaambiwa asubiri siku nne. Lakini Mzee hakumpa nafasi ya kupumua. Kila mshale uliporuka alisimamisha gari kando ya barabara, akampigia simu kazini. Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, Fundi alilala chali chini ya dashibodi, akachomoa waya wa sensa, na mahali pake akaunganisha kwa risasi ya kuyeyusha kirezista, kizuia umeme kidogo kama punje ya mchele, cha kuushikilia mshale katikati ili baba yake apate amani. Ni ujanja wa wauza magari mabovu. Chuoni mwalimu aliwaonyesha ili wautambue, si ili waufanye. Alijiambia ni siku nne tu, na kila asubuhi angepima maji ya rejeta mwenyewe. Alipima mara moja. Asubuhi iliyofuata aliwahi kazini, na binti akachukua ufunguo.

Baada ya injini kuungua, siku ya kwanza Fundi alinyamaza kwa mshtuko. Siku ya pili alinyamaza kwa sababu baba yake alikuwa hali chakula. Ya tatu alinyamaza kwa sababu tayari alikuwa amenyamaza siku mbili. Baada ya hapo kimya kikaota mizizi, na kila alipotaka kuking'oa aliona kitatoka na udongo mwingi. Mara moja alikwenda gereji na bisibisi akitoe kile kirezista, kusiwe na ushahidi. Akamkuta Mzee ameketi kwenye kiti cha abiria, ameinamisha kichwa. Akarudi ndani kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sasa Kiroboto lilikuwa na injini nyingine, iliyotoka kwenye gari la familia lililogongwa nyuma. Injini changa, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza, lakini sensa zake na geji za zamani hazikuelewana. Kwa hiyo juu ya meza kulikuwa na mafungu matatu. La kwanza geji za zamani, zote tano zikiwa bado kwenye ubao wake, nyaya zikining'inia kama utumbo wa kuku. La pili kioo cha kisasa kinachoonyesha tarakimu na kulia kama mtoto kukiwa na hatari. La tatu geji za duara zisizotumia umeme, ambazo Mzee alizitupia jicho mara moja akasema ni za trekta.

Asubuhi nzima Fundi alikuwa akiwashawishi watupe za zamani. Alieleza habari ya sensa, ya mizunguko ya injini mpya kuzidi namba za geji, ya nyaya kukauka. Hakudanganya hata neno. Ilikuwa kweli tupu, na kila kweli alikuwa akiipanga kama tofali mbele ya kirezista kimoja.

Mzee akachoka. Alikaa juu ya tairi, akapangusa uso kwa leso, akasema haya, watupe, kwani hata yeye mwenyewe karibu atatupwa.

Fundi aliubeba ule ubao. Kutoka mezani hadi pipa la takataka zilikuwa hatua sita. Alipofika ya nne binti akamwita.

"Mama, ngoja. Naomba niitazame ile ya joto, mara ya mwisho."

Aliushika ubao kwa mikono miwili, akaisogeza geji karibu na macho, kama asomavyo lebo zake.

"Babu," alisema, "nimelifikiria sana. Labda mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Labda niliona nilichotaka kuona. Macho yangu si ya kuaminika, ndiyo maana nataka ya kelele. Nisamehe."

Mzee aliikunja leso yake. Kisha, kwa sauti ambayo haikusikika nyumba ile kwa miaka miwili, akamwambia kukiri ni nusu ya udereva, na kwamba Jumamosi ijayo watarudi uwanjani, waanze moja.

Huo ndio ulikuwa mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Babu amesamehe, mjukuu amesamehewa, pipa liko hatua mbili. Ilibaki Fundi atupe tu. Alimtazama binti yake aliyekuwa akifuta vidole kwenye suruali, akiwa na nafuu ya mtu aliyekubali kuwa mgonjwa. Injini alishaifidia kwa kazi ya mikono yake. Macho ya mtoto angeyafidia kwa nini?

Akauchukua ubao, akaurudisha mezani. Akavuta betri iliyokuwa chini, akashika nyaya mbili.

"Baba, njoo hapa. Nawe njoo. Tazameni mshale."

Akagusisha waya wa kwanza, kisha wa pili. Mshale wa joto ukatikisika, ukapanda taratibu, ukasimama katikati. Hapakuwa na injini iliyounganishwa nao, wala maji, wala moto. Ilikuwa geji juu ya meza, inaapa kwamba mambo ni shwari.

Mzee aliinama. Hakuwa fundi, lakini hakuwa mjinga.

"Joto la nini hilo?" aliuliza.

"La uongo," Fundi alisema. "Niliufunga mimi. Ulikuwa unaruka, nikauziba mdomo, nikakusudia kuufungua sensa ikija. Yeye alitazama, Baba. Alitazama kama ulivyomfundisha, na alichokiona ndicho alichokwambia."

Akakishika kirezista kwa koleo, akakinyofoa. Mshale ukaanguka sifuri. Akakiweka kiganjani mwa binti yake, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kukiweka.

Binti alikitazama mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hakulia wala hakumtazama mama yake. Mzee aliita, kwa sauti ndogo, "Mchumba."

"Babu, leo usiniite hivyo," alijibu. "Nilikwambia kweli, ukaniona mwongo. Kesho labda."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akakaa tena juu ya tairi lake. Fundi alitaka kusema nisamehe, akaona neno lenyewe litakuwa kama kumpa mtoto kazi nyingine. Akanyamaza, na safari hii kimya kilikuwa cha adabu.

Binti akakitia kirezista mfukoni. Akasogea kwenye fungu la tatu, akaokota ile geji ya joto ya trekta, iliyokuwa na kibomba chembamba cha shaba na kichwa kama risasi ya kalamu.

"Hii ina waya?"

"Haina. Kichwa kinakaa ndani ya maji ya injini, joto linapanda kwa kibomba. Huwezi kuiziba mdomo."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Aliingia ndani, akarudi na birika likitoa mvuke. Akakitumbukiza kichwa cha geji, akasimama akitazama uso wake bila kupepesa. Mshale ulipanda, ukapita katikati, ukaenda mpaka karibu na mia. Akakitoa, akangoja ushuke, akakirudisha. Alifanya hivyo mara tatu, na hakuna aliyemharakisha.

"Itakaa hapa," alisema, akigusa dashibodi ya mbao juu ya usukani, mahali ambapo Mzee hakuwahi kuruhusu hata kibandiko. "Dereva aione bila kuinamisha kichwa. Tundu toboa sasa hivi, nikiona."

Fundi alimtazama baba yake. Mzee aliinuka, akaiokota drili sakafuni, akampa.

Akatoboa.