Idarusi Apumzika Pongwe

Kama kuna mtu aliyewahi kuja Pongwe kupumzika kabla ya Idarusi, mimi sina habari zake. Pongwe watu huja kununua nazi, huja kuzika, huja kugombea urithi, huja kuoa. Wengine hupita tu ndani ya basi la Korogwe wakitutazama dirishani kama tuliowakosea. Lakini mtu mzima na akili zake kushuka na mizigo, ati amekuja kukaa asifanye kitu, hilo tulikuwa hatujaliona.

Idarusi alizaliwa hapa hapa, akaondoka akiwa mtoto, na sasa alikuwa karani wa bandarini Tanga, amepanga chumba Mabawa. Dada yake, Saleha, ni jirani yangu; mlango wake na wangu inatazamana, na nikipika samaki anajua ni samaki gani. Huko ofisini kwao wazungu walikuwa wakipanda Lushoto kila mwaka kupumzika, wakirudi na mashavu mekundu na ukali umewapungua. Idarusi akajiambia kwamba mashavu hata yeye anayo. Lushoto hana mtu, ila Pongwe ana dada. Basi mwaka ule wa hamsini na tano, Maulidi yamekwisha na mvua za vuli ndiyo kwanza zimeanza, akaomba livu, ruhusa ya mapumziko ya kazi, akapewa, akaja.

Na alikuwa na sababu ya kutaka kunawiri. Mwezi uliokuwa unakuja alikuwa amuoe Mwatumu, binti Mzee Kombo wa Nguvumali. Posa ilikuwa imeshajibiwa, mahari imeshatolewa, na mikeka ya harusi inasukwa. Alimpenda yule binti hasa. Ukilitaja jina lake tu, Idarusi alikuwa akisahau alichokuwa anasema, akabaki kutabasamu na kikombe mkononi.

Alikuja na kiti. Si kiti cha kukalia kama watu, bali cha turubai, cha kukunja, ukikikalia unakuwa umelala. Alikinunua mnadani mjini, vitu vya bwana mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Asubuhi yake ya kwanza alikitandaza barazani kwa Saleha, akajilaza, akajifunika blanketi mpaka kidevuni kwa sababu manyunyu yalikuwa yameleta baridi, akavaa miwani myeusi. Pembeni yake aliweka kigoda, na juu ya kigoda chupa ya sharubati nyekundu na kijiko. Kila baada ya muda alikuwa akimimina kijiko kimoja ndani ya maji, anakoroga, anakunywa, anafumba macho.

Sisi tulikuwa tunatoka shambani na majembe begani. Tulisimama.

Sijui kwenu. Kwetu mtu mzima halali mchana ila awe na homa, awe na mimba, au awe amekufa. Idarusi hakuwa na mimba.

Uweso, anayekaa nyuma ya nyumba yangu na anayependa kuwa wa kwanza kujua, akasogea kwa heshima. "Idarusi, baba, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi," akajibu Idarusi, kwa sauti ndogo, nyororo, ya mtu aliyestarehe.

Basi hapo tukajua hali ni mbaya. Maana kwetu mtu anaweza kuwa roho iko kooni, ukimuuliza atakwambia hajambo, anamshukuru Mungu. Mzima ndiye anayelalamika. Mzima atakutajia jino, goti, mke na bei ya mafuta ya taa. Mtu aliyelala saa nne ya asubuhi, amefunikwa, anakunywa dawa nyekundu kwa kijiko, halafu anakwambia hajambo kwa sauti ile, huyo ni wa kuombewa.

Saleha alipotoka jikoni tukamuuliza kwa kunong'ona ana nini. Akatushangaa. "Hana kitu. Anapumzika tu."

Tukatazamana. Anayeuguza ndivyo asemavyo, na kwa nini aseme jingine? Harusi iko mlangoni. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo, tena kwa kiapo. Uweso akamshika bega, akamwambia, "Pole, dada. Tumeelewa." Naye Saleha akabaki ameshika mwiko, hajui ameeleweka nini.

Tangu siku ile hatukumwacha peke yake. Huyu alileta madafu, yule mayai, yule supu ya kuku. Mimi nilimpelekea uji wa pilipili manga, ule tunaowapa wagonjwa na wazazi waliotoka kujifungua, na kwa kweli nilikuwa na huzuni nilipoubeba. Idarusi aliumaliza, akakwangua bakuli, akauliza kama umebaki. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba maskini, anakula kwa kuaga.

Yeye mwenyewe alikuwa amefurahi mno. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Saleha, "Dada, watu wa huku wakarimu! Mjini jirani hakupi hata moto." Kila aliyekuja akimwambia pole, yeye alijibu ameshapoa, akidhani anapewa pole ya safari. Alhamisi akaja Shekhe Zubeiri na watu wake baada ya alasiri, wakakaa kumzunguka, wakasoma Yasini taratibu, kama asomewavyo anayekata roho. Idarusi alidhani ni dua ya harusi. Aliinua mikono, akaitikia amin kwa nguvu kuliko wote, na machozi kidogo yakamtoka kwa furaha. Sisi tulipoyaona yale machozi nasi tukalia.

Kulikuwa na shamba pia. Mvua za vuli hazimngoji mtu, na Saleha alikuwa hajapanda hata punje. Kwetu mwenye mgonjwa hashiki jembe, majirani humlimia, na hilo halisubiri kuombwa. Jumamosi alfajiri tukajikusanya shambani kwake, mbele ya nyumba pale, tukaanza. Saleha akatoka mbio na kanga moja. "Jamani, nimewaambia hana kitu! Mzima kabisa!"

"Ndiyo, mama, mzima," tulimjibu. "Nenda kakae naye."

Tatizo lilikuwa Uweso. Ijumaa alikuwa amepeleka nazi soko la Ngamiani, na kwa moyo wake mwema akaona hawezi kufika mjini asipite Nguvumali kuwapa pole wakwe. Alimkuta Mzee Kombo mlangoni. Akamwambia, "Mkweo tunamuuguza kule. Hajiwezi, lakini tunamsomea, na Mungu akipenda siku ya harusi itamkuta."

Sasa nyumba ile haikuwa ya kuambiwa habari ya namna hiyo. Dada yake Mwatumu aliolewa kabla yake na kijana mzuri, mcheshi, ambaye harusini alikuwa akikohoa ndani ya leso. Hakumaliza mwaka. Binti alikaa eda na mimba tumboni, na aliyemvisha nguo za eda kwa mikono yake ni bibi yake, Bi Mwamvua, mama yake Mzee Kombo. Habari ya Uweso ilipoingia ndani, Mwatumu alijifungia chumbani. Kesho yake alfajiri Bi Mwamvua alijitanda buibui, akachukua mwavuli, akapanda basi.

Tulimwona akishuka tukiwa katikati ya shamba. Mwanamke mfupi, mzee, anatembea kama anayekwenda kudai haki yake. Saleha alimtambua, akashika kichwa.

Idarusi alikuwa kwenye kiti chake. Alipoona ni nani, aliruka, blanketi likamfunga miguu, miwani ikaning'inia sikio moja. "Shi... shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mume wangu," akasema Bi Mwamvua. Kwetu bibi ana haki ya kumwita hivyo mchumba wa mjukuu wake na kumtania apendavyo, lakini asubuhi ile hakuwa anatania. "Lala, lala. Mgonjwa hasimami."

"Mgonjwa nani?"

Alitugeukia sote. Akamtazama Uweso. Akatazama majembe yetu, akatazama bakuli langu la uji pale kigodani. Niliona jambo linavyomwingia, pole pole.

"Ile Yasini," akasema, "ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa yako," nikamwambia.

Akageuka kwa Bi Mwamvua na mikono miwili mbele. "Bibi, wallahi mie mzima! Siumwi hata ukucha! Nimechukua livu, nimekuja kupumzika tu!"

"Mzima?"

"Mzima!"

Bi Mwamvua akafunga mwavuli wake. "Basi kama weye mzima, mbona umelala, na shamba la dada yako linalimwa na watu wa nje?"

Idarusi alikwama, na sote tuliona alivyokwama. Akiwa mgonjwa, harusi hakuna. Akiwa mzima, basi ni mvivu aliyekula uji wa watu huku kina mama wanamlimia, na mvivu naye nani anampa binti?

"Umechokaje," akaendelea bibi, "na kazi yako ni ya kukaa?"

Idarusi alishuka barazani na viatu vyake vya mjini, akaja moja kwa moja shambani, akaninyang'anya jembe.

Uweso akapiga kelele. "Mshikeni! Homa imempanda kichwani!" Wanaume wawili wakamkamata mikono, yeye anavuta, wao wanambembeleza kwamba atulie, apate maji kidogo. Kadiri alivyopiga kelele kwamba ni mzima ndivyo walivyozidi kumhurumia. Naona angelifungwa kamba siku ile kama Bi Mwamvua asingesema, "Mwachieni alime."

Akalima. Nisiseme uongo, sijaona kilimo kama kile. Alilima magugu, akalima na kunde zilizojiotea zenyewe, akalima kiatu chake mwenyewe. Udongo wenye maji ulinata kwenye jembe, naye hakujua kuupangusa, akawa anainua jembe na nusu ya shamba. Tukaanza kucheka, kwanza kwa siri, halafu wazi. Mvua ilikuwa imepisha jua, na jua la baada ya mvua linachoma. Shati lilimganda mgongoni.

Bi Mwamvua alikaa kwenye ukingo wa baraza, anatazama. Mara kwa mara aliita, "Mume wangu, hujambo?"

"Sijambo, bibi!"

Akalima tuta, akaanza la pili. Sisi tulishaacha kucheka. Alikuwa akiyumba sasa, na kila akipiga jembe alikuwa akiuma meno.

"Hujambo?"

"Sijambo!"

Ni mimi niliyekuwa karibu na bibi, na nilimwona. Nilidhani kila "sijambo" itamfurahisha. Haikuwa hivyo. Kila alipoisikia uso wake ulizidi kukaza, mpaka akainuka ghafla, akapandisha buibui, akaingia kwenye tope mzima mzima. Alimshika Idarusi mkono, akaukunjua vidole kimoja kimoja. Malengelenge yalikuwa yamepasuka yote, na mpini ulikuwa na damu.

Akamtazama machoni. "Hujambo?"

"Sijambo, bibi," akasema Idarusi.

Bi Mwamvua akalichukua jembe, akalitupa kule.

"Yule mwenzio alinijibu hivyo hivyo," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, ila tulimsikia wote. "Mume wa dada yake Mwatumu. Nilimuuliza Ijumaa, akaniambia hajambo, akacheka na mimi. Jumatatu tukamzika. Mjukuu wangu hakupata hata kumkanda mgongo, kwa kuwa hakujua kama unamuuma. Analala naye kitanda kimoja, hajui! Mie sikuja huku kutafuta mwanamume asiyeumwa. Sote tunaumwa. Nimekuja kutaka kujua, weye ukiumwa utamwambia mtoto wangu, au utamwacha akae kwenye giza kama mwenzake?"

Idarusi alisimama na viganja vyake wazi. Alimtazama dada yake, akatutazama sisi, aibu imemjaa.

"Mikono inaniuma, bibi," akasema.

"Na nini tena?"

"Mgongo. Na kiuno."

"Na nini tena?"

Akatazama viatu vyake kwenye tope. Halafu akasema, taratibu sana, "Nimechoka. Nimechoka tangu baba alipokufa."

Saleha alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Tulimkumbuka wote, mtoto mwembamba, alivyopandishwa basi wiki ile ile ya msiba kwenda mjini kutafuta kazi, kwa kuwa alikuwa ndiye mwanamume aliyebaki. Tangu hapo hakuna mwezi ambao Saleha hakuona kitu kutoka kwake, sukari, sabuni, doti ya kanga. Nasi hatukuwahi hata siku moja kujiuliza kama anachoka, kwa kuwa tukimuuliza hali alisema hajambo.

Bi Mwamvua alimshika kiwiko, akamtoa kwenye tope, akampandisha barazani, akamlaza mwenyewe na kumvua viatu. Akamwagiza Saleha maji ya moto na chumvi. Kisha akaketi chini, akaiweka ile mikono iliyochubuka mapajani pake, akaanza kuiosha.

Sisi tulikuwa bado tumesimama shambani. Akainua kichwa, akamwona Uweso.

"Na weye usiyeweza kukaa na neno, panda basi sasa hivi uende Nguvumali. Waambie nimemkuta anaumwa kweli kweli, na harusi iko pale pale."